Inzi mweupe wa muhogo: kwa nini bomba la dawa halimalizi batobato

Ukitaka kumwona vizuri inzi mweupe wa muhogo, nenda shambani asubuhi na mapema, umande ukiwa haujakauka. Shika kikonyo cha jani mojawapo la juu kabisa, ligeuze taratibu, tazama upande wa chini. Utawakuta wametulia, kila mmoja ana urefu wa kama milimita moja, mabawa yamepakwa nta nyeupe kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga. Baridi imewalegeza. Rudi hapohapo saa tano, jua limeshawaka, uguse shina tu: wanatimka kwa pamoja kama majivu yaliyopulizwa, na muda si mrefu wametua tena, wengine kwenye mmea wa jirani.

Huko kuhama kwao kutoka mmea huu kwenda ule ndiko kunakoleta hasara. Mkulima akiona wingu jeupe likiruka shambani kwake, la kwanza analowaza ni bomba la dawa, na simlaumu. Ndivyo tulivyofundishwa na viwavi: kiwavi anatafuna, ukiua nusu yao umeokoa sehemu kubwa ya majani. Kwa inzi mweupe hesabu hiyo haikubali. Wakiwa wachache, wao wenyewe hawaudhuru muhogo kiasi cha kumkosesha mtu usingizi. Kinachoudhuru ni mzigo wanaoubeba, yaani virusi, na kwa kuufikisha mzigo huo inzi wachache wanatosha kabisa.

Jina lenyewe linapotosha kidogo. Huyu si inzi wa jamii ya wale wa chooni. Ni ndugu wa vidukari na vidung'ata, wadudu wenye mdomo kama sindano. Anaudunga kwenye jani, anaupenyeza mpaka unafika kwenye mirija inayosafirisha chakula cha mmea, kisha ananyonya. Jike hutaga upande wa chini wa majani machanga, na kila yai lina kijikonyo kilichochomekwa ndani ya jani. Anayetoka kwenye yai hutambaa kwa muda mfupi tu akitafuta pa kukaa, halafu anajibandika hapo kama gamba dogo na hahami tena mpaka awe na mabawa. Kukiwa na joto, kutoka yai hadi inzi anayeruka ni kama wiki tatu hivi. Kwa hiyo unapoona wanaoruka, jua kwamba kizazi kinachowafuata kimeshabandikwa chini ya majani kinasubiri zamu.

Magonjwa mawili, safari mbili

Katika Afrika Mashariki inzi huyu anasambaza magonjwa mawili makubwa ya muhogo, na watu wengi huyachanganya.

La kwanza ni batobato. Hili linajitangaza: majani machanga yanatoka na mabaka ya njano au kijani hafifu, yanajikunja, yanakuwa madogo, na mmea ukibanwa sana unadumaa. Hata mpita njia analiona akiwa barabarani.

La pili ni michirizi kahawia, na hili ni la kichinichini. Dalili zake za majani hutokea kwenye majani ya chini yaliyokomaa, njano inayofuata mishipa ya jani, na mtu anaweza kudhani ni uzee wa jani tu. Shina linaweza kuwa na michirizi ya kahawia, linaweza pia lisiwe nayo. Mmea unasimama vizuri, wa kijani, wa kujivunia. Siku ya kuvuna unakata mhogo ulionenepa, unakuta ndani mabaka makavu ya kahawia kama kizibo cha chupa. Mwaka mzima wa kungoja, na huna cha kula wala cha kuuza.

Tofauti inayohusu udhibiti, hata hivyo, haiko kwenye majani wala mizizi. Iko ndani ya mdudu.

Ili inzi abebe batobato, lazima anyonye mmea mgonjwa kwa saa tatu nne. Virusi vinaingia tumboni, vinapenya ukuta wa utumbo, vinazunguka mwilini mpaka kwenye tezi za mate, na hapo zinapita saa nyingine kadhaa kabla hajaweza kuambukiza. Akishafika hatua hiyo, anabaki na virusi kwa siku nyingi, zaidi ya wiki. Na kuvishusha kwenye mmea mzima kunamtaka anyonye kwa dakika kama kumi tu.

Kwamba ukuta wa utumbo ndio lango, hilo lilionekana zamani, na palipoonekana si mbali nasi. Mwaka 1933, H. H. Storey, aliyekuwa mtafiti katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani kule milima ya Usambara, alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa mdudu mwingine, yule mdogo anayerukaruka kwenye mahindi na kusambaza ugonjwa wa milia. Alikuwa na wadudu ambao kwa asili hawakuweza kuambukiza hata wakinyonya mahindi magonjwa. Akawatoboa tumbo kwa sindano nyembamba, na baadhi yao wakaanza kuambukiza. Kirusi kilikuwemo ndani yao muda wote, kilichokosekana ni njia ya kutoka utumboni. Fikiria mkono wa mtu anayemdunga sindano mdudu wa milimita tatu na kumwacha hai!

Virusi vya michirizi kahawia havina safari ndefu namna hiyo. Havipenyi mwilini mwa mdudu, vinang'ang'ania sehemu za mdomo na mwanzo wa njia ya chakula. Inzi anavipata kwa kunyonya dakika chache, na anavipoteza baada ya siku moja au mbili hivi. Tuseme batobato anapanda basi la mkoani: anakata tiketi mapema, anasubiri stendi, lakini akishaondoka anafika mbali. Michirizi kahawia anapanda bodaboda: anaondoka saa ileile, na anashuka hapo mbele tu.

Sasa lete bomba la dawa kwenye picha hiyo. Kwa batobato, dawa inaweza kupunguza inzi waliozaliwa ndani ya shamba lako na kuwazuia wasihamishe ugonjwa kutoka mmea wako mmoja kwenda mwingine. Ila yule aliyetoka shamba la jirani amefika akiwa ameshapakia. Dakika zake kumi atazipata kabla dawa haijamlegeza. Kwa michirizi kahawia muda wa kumuwahi hata kuupata ni shida. Kuna somo pia kutoka kwa vidukari wanaosambaza virusi vya mboga kwa kuonja jani sekunde chache: kupuliza dawa kumewahi kuzidisha ugonjwa badala ya kuupunguza, kwa sababu mdudu aliyesumbuliwa hatulii, anaonja mmea huu na ule na ule.

Halafu kuna mambo ya kawaida ya shambani. Dawa inatua juu ya jani, mdudu yuko chini ya jani. Muhogo ukishafunga, kufikisha dawa kule ni kazi ya kujilowesha mwenyewe. Jamii hii ya inzi imejijengea usugu dhidi ya aina nyingi za sumu katika nchi nyingi duniani. Na dawa hiyohiyo inaua nyigu wadogo mno wanaotaga ndani ya watoto wa inzi mweupe, wasaidizi wa bure ambao wengi hawajui kama wapo.

Kuwajua si lazima uende maabara. Chukua jani la katikati ya mmea, lenye magamba matupu upande wa chini, na kioo cha kukuzia. Gamba ambalo inzi ametoka limepasuka kwa mkato wenye umbo la herufi T. Gamba ambalo nyigu ametoka lina tundu la mviringo, safi, kama limetobolewa kwa msumari. Hesabu matundu, hesabu mikato ya T, na utajua nani anashinda kwenye shamba hilo kabla hujatumia hata tone la sumu.

Hapa ndipo anapotokea mtu akauliza: kama nyigu wapo, kwa nini wasituokoe kama walivyotuokoa na kidung'ata wa muhogo? Swali zuri. Kidung'ata yule alionekana Afrika mwaka 1973, huko Kongo, akitokea Amerika ya Kusini bila maadui zake, akafagia mashamba nchi baada ya nchi. Nyigu wa kumdhibiti alipatikana Paraguay mwaka 1981, akafugwa na kuachiliwa sehemu nyingi za bara, na kazi hiyo ilimpatia Hans Herren Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Lakini kidung'ata anaua muhogo kwa kuunyonya yeye mwenyewe. Ukimpunguza sana, mmea unapumua. Inzi mweupe unaweza kumpunguza sana na waliobaki wakaendelea kupeleka virusi. Nyigu wana faida pale inzi wanapokuwa wengi kupita kiasi, mpaka kinyesi chao kitamu kinadondokea majani ya chini na kuotesha ukungu mweusi kama masizi. Wanaochuma kisamvu wanaujua, hautoki kwa kusuuza mara moja. Hapo inzi anapunguza mavuno hata bila kirusi. Ila kukata safari za virusi ni jambo jingine.

Msambazaji mwenye miguu miwili

Muhogo haupandwi kwa punje. Unapandwa kwa pingili, kipande cha shina la mmea wa msimu uliopita. Mmea mama ukiwa na virusi, pingili zinatoka navyo. Inzi anaweza kuusambaza ugonjwa kutoka shamba hadi shamba, tena kwa upepo anasogea mbali. Lakini bando la pingili lililofungwa kamba juu ya basi linavuka mikoa mitano kwa siku moja, na likifika linapandwa kwa mikono ya upendo, zawadi kutoka kwa shemeji.

Njia hizo mbili zinaweza kutofautishwa kwa macho, angalau kwa batobato, na hiki ni kitu ambacho ningependa kila mwenye shamba akifahamu. Usome mmea kutoka chini kwenda juu. Majani ya chini ndiyo ya kwanza kutoka, ya juu ndiyo ya jana na juzi. Ukikuta mabaka yameanzia kwenye majani ya kwanza kabisa, karibu na pingili, ugonjwa ulikuja na mbegu: wewe au aliyekupa ndiye aliyeupanda. Ukikuta majani ya chini ni safi, halafu kuanzia mahali fulani kwenda juu mabaka yanaanza, hapo ni inzi, na unaweza hata kukadiria ni lini alipita. Fanya hivyo kwenye mimea hamsini mwezi wa pili baada ya kupanda na utajua tatizo lako ni lipi, badala ya kubishana kijiweni.

Tofauti hiyo si ya kujifurahisha. Mmea uliozaliwa na batobato unapoteza mavuno mengi kuliko ulioambukizwa na inzi baadaye. Ukiambukizwa baada ya miezi minne hivi, hasara ya msimu huo ni ndogo, kwa kuwa mmea umeshajijenga. Hasara yake kubwa inasubiri msimu ujao, utakapokata pingili kwenye shina hilo.

Historia ya ukanda wetu inaonyesha jinsi inzi na binadamu wanavyopokezana mzigo. Batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, na mahali palipotajwa ni Usambara. Michirizi kahawia ikaelezwa na Storey huyohuyo mwaka 1936, chini ya milima hiyohiyo. Yeye na wenzake pale Amani hawakuhangaika sana na kuua inzi. Waliuchanganya muhogo na ndugu yake wa porini, mti wa mpira wa Ceara, kutafuta mbegu inayokataa virusi. Kazi hiyo ilifungwa miaka ya 1950, lakini mazao yake yalishapelekwa Nigeria, na huko watafiti wa Ibadan wakaizalisha familia ya mbegu zilizokuja kujulikana kwa herufi TMS, kifupi cha maneno ya Kiingereza "Tropical Manioc Selection".

Kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 Uganda ikapigwa. Kuanzia upande wa Luwero batobato kali isiyo ya kawaida ilisogea kusini kilomita 20 hadi 30 kwa mwaka, inzi wakiwa wengi kuliko ilivyowahi kuonekana. Mwaka 1997 ikathibitishwa kwamba nyuma yake kulikuwa na kirusi kilichozaliwa kwa aina mbili za batobato kuchanganyika vinasaba. Kilivuka hadi magharibi mwa Kenya na Kagera. Kilichowaokoa wakulima wa Uganda ni mbegu za TMS, zilizopewa majina ya Nase: damu ya Amani ikirudi nyumbani kwa kupitia Ibadan, baada ya mzunguko wa miaka arobaini.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi tamu. Mbegu hizo zilikataa batobato, lakini hazikumkataa inzi, ambaye aliendelea kuongezeka juu ya majani yake mazuri. Na hazikuwa na kinga dhidi ya michirizi kahawia, ugonjwa uliokuwa ukijulikana kama wa pwani na nyanda za chini. Mwaka 2004 michirizi kahawia ikaonekana Uganda, juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ikapata mashamba yaliyojaa wasafirishaji.

Kukata safari

Kwa hiyo unadhibiti nini, kama si mdudu? Unadhibiti mahali anapopakia mzigo na mahali anaposhushia.

Mahali pa kushushia ni aina ya mbegu, na hapa kuna maneno mawili yanayotumika ovyo. Mbegu kinzani inazuia virusi visiingie au visiongezeke. Mbegu stahimilivu inaugua, ila mizizi yake haiharibiki sana. Kiroba, iliyopendwa Tanzania pwani, inasifika kwa ustahimilivu dhidi ya michirizi kahawia: virusi vinaingia lakini mihogo mingi hutoka salama. Kwa mwenye shamba hiyo ni neema. Kwa jirani aliyepanda aina dhaifu, shamba hilo linaweza kuwa ghala la virusi lenye majani ya kupendeza, na inzi anakwenda kupakia humo. Hivyo mtu akikuambia "hii mbegu haina shida", muulize haina shida kwa nani.

Mahali pa kupakia ni mimea migonjwa. Kung'oa ndiyo dawa, na kung'oa kunauma. Miche mitano kwenye mia, mtu anang'oa bila kusita. Arobaini kwenye mia, hang'oi, na kwa kweli hapo kung'oa kumeshapitwa na wakati, alipaswa kuanza na mbegu nyingine. Wakati wake ni miezi mitatu ya mwanzo, kwa kupita shambani kila wiki, na mche uliong'olewa uondolewe au uachwe ukauke kabisa, usichomekwe ukingoni ukachipua tena. Ukingo wenyewe unahitaji jicho la ziada: watafiti waliofuatilia batobato huko Côte d'Ivoire miaka ya 1980 waliona ugonjwa unaanzia na kujazana upande ambao upepo unatokea. Ukijua upepo wa msimu unatoka wapi, unajua pa kuanzia kukagua, na unajua pia kwamba kupanda shamba jipya upande unakoelekea upepo kutoka shamba la zamani lililougua ni kujitafutia balaa.

Kwa michirizi kahawia umbali una nguvu zaidi, kwa sababu abiria wa bodaboda hafiki mbali. Mbegu safi iliyopandwa ikiwa imetengwa na muhogo wa zamani inaweza kubaki safi muda mrefu, mradi majirani wafanye hivyohivyo. Tanzania ililijaribu hilo Chato na Mkuranga: kijiji kizima kikubaliane kung'oa muhogo wote wa zamani, kisha wote wapande mbegu safi kwa pamoja. Ugonjwa ulikuwa mdogo kuliko kwenye vijiji vya kulinganisha. Ugumu wake si wa kisayansi. Nani anamwambia bibi mwenye robo ekari, ambaye muhogo wake ndio akiba yake ya njaa, kwamba aung'oe leo kwa faida ya wote? Inahitaji chakula cha kuvukia, mkutano zaidi ya mmoja, na mbegu iliyofika kabla ya mvua, si baada yake.

Mbegu safi nazo zimeanza kuwa biashara. Wako wakulima wanaozalisha pingili chini ya ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali ya Tanzania inayothibitisha ubora wa mbegu, wakakaguliwa shambani na kupewa cheti. Kwa upande wa utambuzi kuna programu ya simu iitwayo Nuru, inayozungumza Kiswahili na kufanya kazi bila intaneti: unaielekeza kamera kwenye jani, inakuambia inachodhani kinaugua. Kwa batobato inasaidia. Kwa michirizi kahawia nisingeiachia kamera uamuzi wote, maana ugonjwa wenyewe hauonekani kila mara kwenye jani.

Na kwa asiyefikiwa na mzalishaji wa mbegu, ambao ndio wengi, bado kuna la kufanya. Watu wengi huchagua pingili siku ya kuvuna, wakati majani mengi yameshapukutika na shina gonjwa na zima yanafanana. Fanya mapema. Mmea ukiwa na miezi mitano au sita, majani yakiwa yamejaa, pita na vipande vya kitambaa chekundu. Chagua uliokuwa safi tangu majani ya kwanza, uliokaa mbali na mimea yenye mabaka, ambao ukigeuza majani yake ya chini huoni njano kwenye mishipa. Funga kitambaa shinani. Siku ya kuvuna ukate pingili kwenye mashina yenye kitambaa tu, na kabla hujazifunga bando, kata mhogo mmoja mmoja wa kila shina vipande vitano vya mviringo. Ukiona doa la kahawia kwenye kipande hata kimoja, fungua kitambaa, na shina hilo lipeleke jikoni likawe kuni.